Kuhusu ule mchango wa jiko la shule

Mama,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unauliza kwa nini nimechanga 50,000 za jiko la shule wakati elimu ni bila ada, na wewe unakatwa kodi kila mwezi kabla mshahara haujakufikia. Unasema watu kama mimi ndio tunaoipa serikali mwanya wa kukwepa wajibu wake, na kwamba uzeeni nimekuwa mhafidhina. Hilo neno nimelitafuna pamoja na chai ya asubuhi. Nadhani linanienea, ila si mwili mzima.

Nianze na pale ulipo na haki. Miaka ya tisini, nikiwa mwalimu mkuu, nilikuwa narudisha watoto nyumbani kwa sababu ya michango. Mmoja, mtoto wa mjane wa kule bondeni, alikuja na mayai mawili ndani ya kofia ya sufu, akaniuliza kama yanatosha. Nilimrudisha. Kwa hiyo Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipotoka, na Januari 2016 ada na michango ya lazima vikakoma, sikununa. Darasa la kwanza lilifurika, wengine wakakaa sakafuni, lakini walikuwa ndani.

Kilichoniuma kilikuja baadaye: uji ulikufa. Hakuna aliyeukataza, chakula cha mchana kilibaki jukumu la wazazi. Lakini neno "bure" lilipanda mlimani kabla ya waraka wenyewe, na watu waliokuwa wakileta debe la mahindi na mzigo wa kuni bila kusukumwa wakaanza kusema, "Si serikali imesema?" Ruzuku ilikuwa 10,000 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, na sehemu yake ilibaki huko juu kwa ajili ya vitabu. Wewe ndiye mhasibu, niambie hapo uji unatoka wapi. Ikifika saa tano nilikuwa nafundisha watoto waliolala.

Unaikumbuka ndiva yetu, lile bwawa la kumwagilia? Maji ya kijito yanajaa usiku nyuma ya ukuta wa udongo na mawe, alfajiri inazibuliwa, mfereji unayagawa shambani kwa zamu. Kila mwaka tope linajaa, baragumu linalia, kila nyumba inatoa mtu wa msaragambo, ile kazi ya pamoja, na jembe lake. Asiyefika hulipa faini, mgonjwa hufanyiwa zamu yake na majirani. Nilipokuwa mdogo nilidhani lile baragumu ni sauti ya ndiva yenyewe.

Kisha ukaja mradi, jina lake tuliache. Wakatupigia sementi, wakaweka lango la chuma lenye kufuli, siku ya uzinduzi tukala pilau. Mvua za mwaka wa pili zikashusha mawe, lango likakwama. Tulifanya nini? Tuliandika barua. Wanaume waliozoa tope tangu wavulana wakakaa miezi minne wakimsubiri fundi wa mradi, tangawizi ikinyauka mbele ya macho yao. Mwandishi wa barua hizo nilikuwa mimi, kwa hiyo simcheki mtu. Mzee mmoja tu ndiye aliyekwenda na mtarimbo, akaambiwa ataharibu mali ya mradi.

Uhafidhina wangu umeanzia pale langoni. Kazi iliyo karibu ikichukuliwa na aliye mbali, mazoea ya kuifanya huondoka nayo, na mazoea hayarudi kwa waraka. Nchi hii ilishapitia huko. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, vyama vya ushirika vikafutwa 1976, na ilipofika 1982 zikatungwa sheria za kuvirudisha vyote. Babu yako alirudishiwa chama, imani hakurudishiwa. Kahawa yake aliiuza kwa mashaka mpaka anakufa. Na Azimio la Arusha lenyewe, ambalo hakuna atakayeliita la kihafidhina, lilituonya tusifanye fedha kuwa msingi wa maendeleo. Tulilikariri shuleni, halafu tukakaa kusubiri fedha.

Usidhani basi kwamba naabudu mila. Bibi yako alizoa tope la ndiva miaka arobaini na hakukaribishwa hata siku moja kwenye kikao cha kupanga zamu. Alipokuachia lile shamba, baba zako wadogo walisema mtoto wa kike harithi. Kilichowanyamazisha haikuwa busara ya ukoo. Ilikuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, niliyowasomea kwa sauti chini ya mparachichi, kifungu kwa kifungu, mpaka chai ikapoa. Pale niliihitaji serikali, tena yenye meno. Sheria, barabara, dawa za zahanati, mshahara wa mwalimu: hayo ni yake, na akiyazembea mtu wa ofisini piga kelele, nami nitapiga nawe. Uji siuweki kwenye orodha hiyo. Mtoto aliyelala na njaa jana anajulikana na jirani yake. Kufika Dodoma, habari hiyo imeshakuwa takwimu.

Na kuna jambo sikukwambia kwenye simu. Aliyepita na daftari la michango ni yule wa mayai mawili. Sasa ni baba wa watoto watatu na mjumbe wa kamati ya shule. Alinisalimia vizuri, akakaa, akanywa maji. Hajawahi kunikumbusha. Nililipekua daftari lake: kuna nyumba sita amezitia alama ya nukta, nikamuuliza maana yake, akasema hizo haingii. Mimi katika miaka yangu yote ya ukuu sikuwahi kuweka nukta hata moja.

Ndipo nikatoa hiyo 50,000. Nilikuwa nimepanga 20,000.

Jina lako bado limo kwenye orodha ya ndiva, kwa ajili ya shamba la bibi. Msaragambo ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Usipofika faini ni 5,000. Mtumie mweka hazina moja kwa moja, usipitishie kwangu.

Baba yako