Nguo Ipi Iingie Kwenye Mashine ya Kukaushia, na Ipi Ianikwe

Kwa sehemu kubwa ya mwaka mkazi wa Mwanza hana haja na mashine ya kukaushia nguo, kwa kuwa jua letu la karibu na Ikweta, likisaidiwa na upepo wa ziwani, hukausha hata shuka zito la pamba kabla ya jioni. Shida huanza na mvua za vuli, kuanzia Oktoba, na hurudi wakati wa masika, pale mawingu yanapotanda na nguo kubaki kwenye kamba hadi zinaanza kutoa harufu ya uvundo. Zipo pia nyakati ambazo wadudu wa ziwani huinuka majini kwa makundi makubwa na kutua kwenye kila kitu cheupe kilichoanikwa, na shuka likishapata madoa yao halina budi kufuliwa upya. Ndiyo maana mashine za kukaushia zimeingia katika nyumba za wageni, katika shughuli zetu za udobi na katika baadhi ya familia, na swali ninaloulizwa mara nyingi na wateja wangu ni nguo ipi inaweza kuingizwa humo bila kuharibika.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uamuzi huo ufanywe kabla ya kufua, nguo ikiwa bado kavu mkononi, mtu akiwa na nafasi ya kuitazama na kuigeuza. Nguo zikishalowa na kuviringana pamoja, aliyechoka huzizoa zote na kuzisukuma ndani. Mimi hutenga vikapu viwili tangu mwanzo, kimoja cha mashine na kingine cha kamba, na nguo ninayoitilia shaka huenda kwenye kamba. Nisisitize pia kwamba ninazungumzia mashine inayopuliza hewa ya moto huku ikizungusha nguo. Zile za mapipa mawili zinazouzwa kwa wingi mjini zina pipa la pili linalokamua maji kwa mzunguko wa kasi tu, bila joto, kwa hiyo mengi ya haya hayazihusu.

Lebo ikiwepo, ianze kusomwa yenyewe. Mraba wenye duara ndani ndiyo alama ya mashine ya kukaushia: nukta moja katikati ya duara inaruhusu joto la chini, lisilozidi nyuzijoto 60 za Selsiasi, nukta mbili zinaruhusu joto la kawaida, hadi 80, na alama hiyo ikikatwa kwa mistari miwili inayopishana, nguo hiyo isiingie kabisa. Mitumba ya soko la Mlango Mmoja hapa mjini mara nyingi huja na lebo ndani ya mshono wa ubavuni au nyuma ya shingo, na ni vyema kuisoma kabla ya kuikata kwa sababu inawasha. Lakini nguo nyingi tunazozithamini, kama gauni la kitenge, sare ya kwaya au shati la harusi, zimeshonwa na fundi, na fundi haweki lebo. Hapo mtu analazimika kukijua kitambaa chenyewe.

Njia ninayoitegemea ni ya kuchoma uzi. Chomoa uzi mdogo kutoka kwenye pindo la ndani, mahali pasipoonekana, uushike kwa kibanio cha chuma juu ya beseni lenye maji, mbali na nguo nyingine, kisha uuwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta na nailoni hujikunja, huyeyuka, na zikipoa huacha kidonge kigumu kisichosagika kwa vidole. Sufu na hariri huungua kwa shida, hunuka nywele zilizoungua na kuacha mkaa mwepesi unaosagika. Mchanganyiko wa pamba na poliesta huonyesha dalili zote mbili, yaani mwali na harufu ya karatasi, halafu punje ngumu ndani ya jivu. Inayodanganya ni viskosi, kwa sababu nayo hutokana na miti na huwaka vilevile kama pamba. Kuitambua, lowesha uzi mwingine na uuvute polepole: uzi wa pamba ukilowa huwa na nguvu kuliko ukiwa mkavu, ilhali wa viskosi hudhoofika na kukatika kwa urahisi. Tofauti hiyo ni kubwa kwa kazi hii, maana kitambaa kinachopoteza nguvu kikilowa hakifai kurushwarushwa ndani ya pipa la mashine, hata kama joto lenyewe ni dogo.

Ukishajua kitambaa, mengi hufunguka. Pamba haiharibiwi na joto la mashine. Inachofanya ni kurudi, yaani kupungua ukubwa. Nyuzi zake huvutwa sana kiwandani wakati wa kusokotwa na kufumwa, na maji, joto na mzunguko huzipa nafasi ya kulegea na kurejea urefu wake wa awali. Fulana, ambayo imefumwa kwa vitanzi, hurudi zaidi kuliko shuka. Taulo na mashuka meupe ya nyumba za wageni ndivyo vitu ninavyovikausha bila wasiwasi wowote, na taulo hutoka laini kuliko la kwenye kamba kwa sababu vitanzi vyake husimama badala ya kulala na kukakamaa. Fulana na jinzi huzitoa zikiwa bado na unyevunyevu kidogo kwenye mishono, nikamalizia kwa kuzianika ndani, kwa kuwa kuzidisha ukavu ndiko kunakozipunguza na kuzichakaza.

Gauni la kitenge lenye bitana linastahili maneno zaidi, kwa sababu ndilo linaloletwa mara nyingi na ndilo linaloharibika mbele ya macho ya mwenyewe. Kitenge cha nje ni pamba, bitana ya ndani ni poliesta, na vitambaa hivyo viwili havirudi kwa kiasi kimoja. Likikaushwa kwa joto kubwa, kitambaa cha nje hupanda, bitana hubaki pale ilipokuwa na kuchungulia chini ya pindo, zipu hujipinda mgongoni kwa sababu utepe wake haukupungua pamoja na kitenge, na kola iliyobandikwa kwa gundi kwenye kitambaa kigumu cha ndani hutokeza vipovu visivyonyooka kwa pasi. Fundi anaweza kulikunja pindo upya, lakini vile vipovu vya kola sijaona dawa yake. Kwa hiyo nawaomba akina dada na akina mama wanaonunua vitenge eneo la Makoroboi hapa mjini waviloweke majini na kuvikausha kabla ya kuvipeleka kwa fundi, ili kitambaa kirudi chote kabla ya kukatwa. Hata baada ya hapo, gauni lenye bitana mimi huliweka kwenye kamba, kivulini, likiwa limegeuzwa ndani nje. Khanga nazo nazianika, kwa sababu ni doti, na kipande kimoja kikipita kwenye mashine na kingine kikapita juani, havitalingana tena pindo kwa pindo.

Poliesta hairudi kwa joto la kawaida, na hukauka upesi kwa kuwa hainyonyi maji mengi. Udhaifu wake ni kwamba ikipata joto hulainika kidogo na kushika umbo lolote ililokaa nalo inapopoa. Marinda ya sketi za shule hutengenezwa kwa tabia hiyohiyo, na kwa tabia hiyohiyo hupotea yakikaushwa kwa joto kubwa na kuachwa yamejikunja ndani ya pipa. Sare za mchanganyiko wa pamba na poliesta zikaushwe kwa joto la chini na zitolewe mara mashine inaposimama. Chochote chenye mpira au nyuzi za kuvutika, kuanzia sidiria na soksi hadi jezi za michezo, hulegea taratibu kila kinapopata joto, na hasara yake haionekani siku hiyo bali baada ya miezi. Sweta la akriliki halivumilii joto kubwa. Sweta la sufu halifai hata kwa joto dogo: nyuzi za sufu zina magamba madogo ambayo, yakiloweshwa, yakipashwa moto na kusuguliwa, hushikana moja kwa moja, na sweta la mtu mzima likishafikia hapo linamtosha mtoto na haliupati tena ukubwa wake wa awali.

Vipo vitu ambavyo kitambaa chake kinaruhusu lakini kilichomo au kilichobandikwa juu yake hakiruhusu, kama shanga za gauni la harusi, michoro ya plastiki kifuani mwa fulana na raba zilizounganishwa kwa gundi. Mito ya sponji na mazulia madogo yenye mpira chini visiingie kamwe, kwa sababu sponji na mpira hutunza joto ndani na vinaweza kushika moto. Chandarua chenye dawa nacho kikaushwe nje ya mashine, na kiwe kivulini, kwa kuwa jua kali hupunguza nguvu ya dawa, na vingine hufumwa kwa nyuzi za plastiki zisizohimili joto.

Nguo zenye mafuta ndizo ninazozikazania kuliko zote, kwa sababu hapa hatuzungumzii tena gauni kuharibika bali nyumba kuungua. Katika mji wetu samaki ni kazi ya watu wengi. Aproni za wakaangaji dagaa, makoti ya wanaochambua sangara, vitambaa vya jikoni na taulo za saluni zilizofutia mafuta hubaki na mafuta ndani ya nyuzi hata baada ya kufuliwa kwa sabuni kidogo na maji baridi. Mafuta ya samaki, na ya alizeti pia, huungana na hewa ya oksijeni na kuzalisha joto lake yenyewe. Nguo hizo zikitoka kwenye mashine zikiwa moto na kurundikwa kikapuni, joto hilo halina pa kutokea. Hupanda polepole na linaweza kuwasha nguo saa kadhaa baadaye, mashine ikiwa imezimwa na watu wamelala. Nguo za aina hiyo zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni ya kutosha, hata mara mbili, kisha zinuswe zikiwa bado zimelowa. Zikinuka samaki au zikiteleza vidoleni, ziende kwenye kamba hata kama mvua inanyesha na itabidi zianikwe barazani. Ovaroli za gereji na nguo za wavuvi zilizomwagikiwa petroli ya injini za mitumbwi mimi sizikaushi kwa mashine kabisa, kwa kuwa mvuke wa petroli ndani ya pipa lenye hewa ya moto ni hatari kubwa.

Kwa sababu hiyohiyo, kichujio cha nyuzi kisafishwe kila baada ya mzigo, hasa baada ya taulo mpya ambazo hutoa manyoya mengi, maana nyuzi hizo zikiziba njia ya hewa ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya moto kwenye mashine hizi. Umeme nao ukikatika katikati ya kazi, usiondoke ukingoje urudi. Mashine nyingi humalizia mzunguko kwa dakika kadhaa za hewa isiyo na joto ili nguo zipoe, na umeme ukikatika hatua hiyo haifanyiki, kwa hiyo nguo hubaki moto zikiwa zimebanana gizani ndani ya pipa. Fungua mlango, zitoe zote, na uzitandaze moja moja juu ya kitanda, viti au kamba hadi zipoe; ukigusa mishono na mifuko ikiwa bado ina joto, usizikunje.