Rangi haiulizi askari katoka kiwanda gani

SWALI: Shikamoo dada. Mwanangu wa miaka 13 ameniingiza kwenye michezo ya vita ya mezani hapa Leicester. Tunapaka rangi askari wadogo wa plastiki, tunawapanga, tunarusha dadu. Klabuni wanasema kila kitu kiwe cha kampuni ya Games Workshop, hata rangi. Mfuko unalia. Kampuni nyingine zina faida gani kwetu?

JIBU: Marahaba, kaka. Tuanze na rangi, maana huko ushindani umetufaa sana. Mwaka 2019 Games Workshop walitoa Contrast: unapaka mkono mmoja tu juu ya rangi nyeupe ya msingi, nayo inatuama kwenye mikunjo ya nguo na kuacha palipoinuka pameng'aa. Mwaka 2022 Army Painter wa Denmark wakaleta Speedpaint, Vallejo wa Hispania wakaleta Xpress Color, zote rangi za namna hiyohiyo. Speedpaint ya kwanza ilikuwa na kasoro: ukipitisha rangi mbichi juu yake, ya chini inaamka na kuichafua. Watu wakalalamika, na 2023 likatoka toleo la pili lililotengenezwa kuondoa kasoro hiyo. Mimi naamini Army Painter wangekuwa peke yao dukani tungesubiri zaidi. Juzi nimemaliza askari mmoja, joho, ngozi na buti, kila sehemu kwa kichupa cha kampuni yake. Ukimshika mkononi hujui kipi ni cha nani.

Askari wenyewe ni habari nyingine. Mchezo unataka mwenzio, na mwenzio anacheza kinachochezwa klabuni, kwa hiyo hapo mkubwa hatikisiki kirahisi. Ila hutikisika. Mwaka 2015 Games Workshop waliusimamisha mchezo wao wa Warhammer Fantasy, ule wa majeshi ya panga na mazimwi, na watu wakabaki na mamia ya askari kabatini. Mantic, kampuni ya Nottingham kama Games Workshop wenyewe, walikuwa na Kings of War, mchezo usiojali askari wako umenunua wapi. Majeshi yakarudi mezani. Januari 2024 Games Workshop wakaurudisha ulimwengu ule kwa jina la The Old World.

Basi kijana mnunulie askari wa mchezo wa klabuni kwenu, asikose wa kucheza naye. Rangi na brashi nunua kwa yeyote. Ila kila kichupa kipya kijaribuni kwanza kwa askari mmoja wa nyuma kabisa, mumwache akauke usiku kucha, ndipo mguse jemadari.