Lini Programu Iache Kuhudumia Matoleo ya Zamani ya Hifadhidata

Nimekuwa nikitunza programu ambayo wateja huisimika kwenye seva zao wenyewe, na sijaona uamuzi unaozua mabishano kama ule wa kuacha kuhudumia toleo la zamani la hifadhidata. Wasanidi hutaka liachwe kesho, ilhali wanaopokea simu za wateja hutaka libaki hadi mteja wa mwisho ahame. Ushauri wangu ni kwamba kanuni iandikwe kabla mabishano hayajaanza, na ifungamane na tarehe ambazo watengenezaji wa hifadhidata wamekwisha kuzitangaza.

Tarehe hizo ziko wazi. Kila toleo kuu la hifadhidata ya PostgreSQL hupata marekebisho kwa takriban miaka 5, ndiyo maana toleo la 12, lililotoka Oktoba 2019, lilifikia kikomo Novemba 2024. MySQL 5.7, toleo la mwaka 2015 la hifadhidata nyingine, ilifikia chake Oktoba 2023. Lakini mteja mara nyingi hutumia toleo lililokuja na mfumo endeshi wake: Ubuntu 20.04 ilikuja na PostgreSQL 12, na mfumo huo uliendelea kuhudumiwa hadi mwaka 2025. Kwa sababu hiyo mimi huongeza miezi michache juu ya tarehe rasmi, wala si zaidi ya hapo.

Kinachopaswa kupimwa kwa makini zaidi ni uhai wa toleo la programu yenu wenyewe. Django 4.2, toleo la mfumo wa kuundia programu za wavuti, iliacha MySQL 5.7 ilipotoka Aprili 2023, miezi kadhaa kabla ya kikomo cha hiyo 5.7, na wapo walioona ni haraka mno. Mimi naona walipiga hesabu sawasawa, kwa kuwa toleo hilo la Django lilikusudiwa kuhudumiwa hadi Aprili 2026, na kuibeba 5.7 kungemaanisha kuihudumia kwa zaidi ya miaka miwili baada ya watengenezaji wake kuiacha.

Watu hudhani gharama ya toleo la zamani ni kukosa vitu vipya. Hiyo ndiyo gharama ndogo. Kubwa ni pale matoleo mawili yanapopokea agizo lile lile na kulitekeleza kwa namna tofauti. Kabla ya 8.0.16, MySQL ilikubali sharti la CHECK kwenye jedwali, yaani kanuni ambayo data lazima iitimize ili ihifadhiwe, kisha ikalipuuza, bila kutoa kosa lolote. Tuliandika CHECK (salio >= 0) na kuijaribu kwenye seva mbili: ya 8.0 ilikataa salio la -50, ya 5.7 ikalihifadhi kama kawaida. Onyesho hilo liliwashawishi wenzetu wa huduma kwa wateja kuliko hotuba yoyote ya wasanidi, kwani walielewa mara moja ni nani atakayepigiwa simu.

Takwimu za matumizi zisaidie, lakini zisiamue. Seva zisizounganishwa na intaneti haziripoti chochote, na mara nyingi ndizo zenye matoleo ya zamani kabisa.

Mkishaamua, acheni kuhudumia toleo hilo la hifadhidata mnapotoa toleo kuu jipya la programu yenu, kamwe si kwenye sasisho dogo la kurekebisha kasoro, na utangazeni uamuzi huo toleo moja kabla. Tawi la awali, yaani mfululizo wa toleo la programu lililotangulia, liendelee kupata viraka vya usalama kwa muda uliotajwa kwa tarehe. Kisha programu iulize toleo la hifadhidata inapowaka, kabla haijagusa jedwali hata moja. Kwenye PostgreSQL tumieni server_version_num, thamani inayotaja toleo kama namba nzima, ambayo kwa toleo la 12.22 hurudisha 120022, kwa sababu mkilinganisha matoleo kama maandishi, "9.6" huonekana kubwa kuliko "12". Toleo la hifadhidata likiwa la zamani mno, programu ikatae kuendelea na itaje mambo matatu: toleo ililolikuta, toleo inalolihitaji, na toleo la mwisho la programu linaloweza kufanya kazi na hifadhidata aliyonayo mteja. Hilo la tatu ndilo husahauliwa, na ndilo analolihitaji mtu ambaye mfumo wake umesimama usiku.