Maswali ya Wasomaji: Waajiri Wakitaka Kujiwekea Taratibu Zao

SWALI: Tuko waajiri sita wenye maghala na viwanda vidogo vya kubangua korosho, Masasi na Newala. Kila msimu tunanyang'anyana vibarua na ugomvi wa ovataimu hauishi. Tunataka chama chetu, tupange mambo wenyewe kabla ofisi ya kazi haijaja kutupangia. Tuanzie wapi? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Idadi mnayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kikao cha kuanzisha chama cha waajiri kiwe na waajiri wasiopungua wanne. Hesabuni waajiri, si maghala: kampuni moja yenye maghala matatu ni mwajiri mmoja.

Msiende BRELA, wakala wa kusajili kampuni. Chama cha waajiri si kampuni, wala hakiruhusiwi kuwa cha kutafuta faida. Anayekisajili ni Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri, na maombi yafike kwake ndani ya miezi sita tangu kianzishwe. Pelekeni fomu iliyojazwa na kusainiwa na katibu, pamoja na nakala zilizothibitishwa za orodha ya mahudhurio, muhtasari wa kikao na katiba. Vinavyokwamisha huwa vidogo tu: muhtasari unataja waajiri sita, orodha ina saini tano, au meneja kasaini bila barua ya mwenye kampuni. Wengine hunakili katiba ya VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, kumbe sheria inataka katiba iseme hata kura itakavyopigwa kabla ya kufungia wafanyakazi nje wakati wa mgogoro.

Kifungu cha kukazia zaidi ni cha mamlaka ya kujadiliana. Andikeni wazi ni nani anaingia chumbani na chama cha wafanyakazi kwa niaba ya wote, na anaruhusiwa kukubali hadi kiwango gani bila kurudi kuuliza. Kisipokuwepo, mjumbe atakubali leo, na kesho wenzake wawili watasema hawakumtuma. Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi na chama cha wafanyakazi, ukishatiwa saini ya mwisho unawafunga wanachama wote, labda wenyewe useme vinginevyo. Aliyekuwa mwanachama ulipoanza hawezi kuukwepa kwa kujitoa, na anayejiunga baadaye anaukuta unamsubiri. Nakala ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi.

Sasa ovataimu, ambako chama kinaweza kuwafaa kweli. Kawaida ni saa 45 kwa wiki, na ovataimu isiyozidi saa 50 kwa kila wiki nne, ikilipwa mara moja na nusu. Lakini mkataba wa hali bora, na huo tu, unaweza kuruhusu saa zikokotolewe kwa wastani wa kipindi kisichozidi mwaka: wastani wa saa 40 za kawaida kwa wiki, na ovataimu wastani wa saa 10. Tuseme mmekubaliana wiki 12, yaani saa 480. Wiki sita za minada ya korosho mtu afanye saa 48, siku sita za saa nane, na siku ya mapumziko ibaki pale pale. Wiki sita zinazofuata afanye saa 32. Hesabu imefunga. Mwajiri anayejipangia hivyo peke yake, bila mkataba na chama cha wafanyakazi, anadaiwa ovataimu ya kila saa iliyopita 45, na daftari lake la mahudhurio ndilo litakalomshtaki.

SWALI: Sisi wenye mashamba ya chumvi Lindi tumekubaliana anayevunja makubaliano yetu alipe faini. Ni halali? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Ni halali ikiwa nidhamu hiyo imo katika katiba na mtuhumiwa anasikilizwa kwanza. Ila makubaliano yenyewe yasishushe mshahara chini ya kima cha chini cha sekta. Na ile orodha ya "wakorofi" wasioajiriwa kwa sababu ni wanachama wa chama cha wafanyakazi, ichaneni. Huo ni ubaguzi uliokatazwa na sheria, hata mkiupigia kura.

SWALI: Ni kweli Sweden haina kima cha chini cha mshahara cha kisheria? (Msomaji, Mtwara Mjini)

JIBU: Kweli. Mishahara hupangwa kwa mikataba ya pande mbili. Mwaka 1938, huko Saltsjöbaden, shirikisho la waajiri SAF na lile la wafanyakazi LO walikubaliana taratibu za majadiliano na migogoro, huku serikali ikiwa tayari kutunga sheria kama wangeshindwa. Msidanganyike kwamba ni hiari tupu: SAF ilikuwa na nguvu juu ya wanachama wake, na LO vilevile. Huku kwetu vibarua wengi wa korosho hawana hata chama, kwa hiyo amri ya mishahara bado inahitajika. Waajiri sita wa Masasi wakishasajiliwa, watafute kwanza kama TUICO (chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara) au TPAWU (cha wafanyakazi wa mashambani) ina wanachama walio wengi katika maghala yao; bila hivyo huenda wakakosa wa kusaini naye.