Vijana wa wakshopu, hizo betri kuukuu mwazipeleka wapi?

Naandika haya kwa ajili yenu mnaoingia wakshopu mwaka huu, wa atachimenti na wale mlioajiriwa juzi juzi, kwa sababu nimechoka kumwambia mmoja mmoja. Kila kundi jipya linakuja na makosa yale yale. Betri ya laptopu imefura kama andazi na mtu anaichokoa kwa bisibisi. Betri za UPS, kile kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, zimerundikwa chini ya meza, vichwa vinagusana. Seli za madabodi, vile vibetri vya duara kama sarafu vya kwenye bodi kuu ya kompyuta, zimezagaa pamoja na skrubu. Kazi mwaijua, Windows mwapiga chapchap, pini ya chaja mwachomelea vizuri kuliko sisi wakati wetu, na nawapenda kwa hilo, lakini ikifika kwa betri iliyokufa mwaona ni taka tu ya kutoa njiani, na hapo ndo tunapokosana.

1. Betri iliyofura haichokolewi. Ule uvimbe ni gesi, dawa iliyo ndani imevunjika vunjika. Kati ya tabaka na tabaka kuna utando mwembamba wa plastiki, ukiutoboa pande mbili zinagusana, joto linapanda lenyewe, na likishaanza huna pa kulizima. Mwaka jana kijana wetu mmoja, mzuri sana wa mikono, alikuwa na mteja kasimama anamharakisha, akaingiza bisibisi chini ya betri akaipinda. Ikatoa mlio wa fyuuu, harufu tamu tamu ikatanda, naye kwa akili akaitupa nje kwenye simenti kabla haijawaka. Tukaipiga na mtungi wa kuzimia moto, ule wa unga, moto ukazima, tukashukuru Mungu, mara ukawaka tena, kwa sababu moto ulikuwa umezimwa juu na joto liko ndani bado. Kinachopoza ni maji mengi, na umeme uwe umeshachomolewa. Ule moshi msiuvute, una haidrojeni floridi, unachoma mapafu, tokeni nje wote na mteja naye. Njia yenyewe ni hii: zima mashine, toa kiunganishi cha betri kwanza, tia spiriti kidogo kwenye gundi, subiri, pitisha kadi ya plastiki taratibu. Ikikataa iache. Mteja atasubiri.

2. Seli ya madabodi, CR2032, ikitoka tu funga tepu pande zote mbili uitie kwenye kopo. Wateja wanakuja na watoto. Mtoto akimeza, hiyo seli inaweza kumchoma koo kwa ndani ndani ya saa 2 tu, kwa hiyo hakuna kusubiri itoke chooni, ni hospitali mbio.

3. Betri za UPS haziuzwi kwa kilo kwa yeyote anayepita. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Zamani, pale nilipoanzia kazi, betri za UPS zilizokufa zilikuwa pesa ya chai. Ile ya kawaida ya volti 12, ampea-saa 7, ina kilo mbili na kitu, na sehemu kubwa ya uzito huo ni risasi, yaani ile metali nzito (lead), sasa ukibadilisha za ofisi nzima una mzigo wa maana. Mtu wa vyuma kuukuu anakuja na mkokoteni, anapima, analipa, tunagawana. Mimi ndiye niliyekuwa nampigia simu. Mimi ndiye niliyesimamia mizani asituibie. Kumuuliza "wazipeleka wapi?" sikumuuliza hata siku moja, na si kwamba nilisahau, sikutaka kujua.

Siku moja mkokoteni wake uliharibika nikampelekea mzigo mwenyewe kwa tuktuk. Nikaingia uani kwake nikakuta kijana kakaa juu ya ndoo anapasua betri kwa nyundo. Hizi hazina maji ya kumwaga kama za gari, asidi imenyonywa na yale matabaka meupe ya nyuzi za kioo yaliyo kati ya bamba na bamba, basi alikuwa anayachomoa kwa vidole, mikono mitupu, anayatupa kwenye mtaro. Mabamba yenyewe, mengine ya kahawia mengine ya kijivu, mama mmoja alikuwa anayasuuza kwenye beseni, akimaliza anayamwaga maji hapo hapo alipokaa. Na mwanawe anatambaa kwenye yale matope, mkono chini, mkono mdomoni. Nikamwambia, "Mama, hii ni sumu, muondoe mtoto." Akaniangalia, wala hakukasirika, akasema, "Si wewe mwanangu ndo umetuletea?"

Sikuwa na jibu. Mzigo ukapimwa, nikapewa pesa, nikazipokea. Hapo pa kuzipokea ndo paniumapo mpaka leo, kwa sababu nilikuwa nishaona kila kitu, sikuwa na kisingizio tena.

Nyinyi wa Mombasa Owino Uhuru, kile kijiji cha huko kwenu, mwaijua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza pale 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, mpaka 2014 kilipofungwa. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa mle, mtoto wake mchanga akaugua, damu ilipopimwa ikakutwa na risasi, akaanza kupigania kijiji kizima, na 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mahakama ya Mazingira na Ardhi 2020 ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabuni wenyewe hiyo miaka. Na pesa haitoi risasi kwenye mifupa wala hairudishi akili ya mtoto, maana risasi kwa mtoto inashambulia ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Haina harufu, haiwashi, mtu mzima anarudi nayo nyumbani kwenye nguo kama vumbi la kawaida. Betri nilizouza mimi ziliyeyushwa na nani, sikuuliza, na muuzaji mwengine naye hakuuliza, na ndivyo tanuri linavyolishwa.

Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu na sitaki mjadala. Wauzaji wengi wa betri wanachukua ya zamani na kukupunguzia bei ya mpya, anzia hapo. Kama ni mzigo mkubwa, anayechukua aonyeshe leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira ya Kenya, aandike risiti, aseme unakwenda wapi. Betri itoke nzima, hakuna kupasua. Anayetoa bei nzuri na hataki kuandika, mwambie kwa heri.

4. Seli za 18650, zile za mviringo kama betri za tochi, kutoka betri za laptopu, najua mwazipenda, mwatengeneza tochi na pawabanki, na mimi sikatazi, kutumia tena ni bora kuliko kutupa. Ila seli iliyolala chini ya volti 2 muda mrefu msiifufue. Shaba iliyo ndani inaanza kuyeyuka, ukiichaji inajijenga upya vibaya mpaka inapiga shoti, na hiyo pawabanki umemuuzia mtu anayelala nayo kitandani. Pima kwanza. Yenye kutu, yenye bonde, iliyochanika ganda, kando.

5. Kuhifadhi. Vichwa vyote vifungwe tepu. Zilizofura zikae kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje, kivulini, mbali na jua letu hili la Januari. Za UPS zisimame wima juu ya ubao, zisilaliane. Halafu kuna daftari pale mlangoni: tarehe, aina, uzito, nani kachukua. Mtu ameniuliza juzi daftari la nini, betri zishakufa. Ndugu yangu, siku afisa akija, au mwenye ofisi tuliyomfanyia kazi akitaka kujua betri zake ziko wapi, utamjibu nini?

Nairobi kuna WEEE Centre, wanapokea vifaa vya elektroniki vilivyokufa. Mlioko Tanzania ulizieni wakusanyaji wenye kibali kwa utaratibu wa NEMC, baraza lenu la mazingira, Rwanda kuna Enviroserve kule Bugesera. Lakini naomba sana, tena sana, msizifunge kwenye katoni mkaandika "spea" mkazipakia kwenye basi la usiku. Nimeshamkuta mmoja wenu yuko stejini na katoni yenye betri zilizofura, kazifunga kwa gazeti, nikamshusha nayo. Basi lile lina abiria na katoni iko chini ya viti vyao. Pigeni simu kwanza kwa mnaowapelekea, ulizeni wanapokea aina gani, wanataka zifungwe vipi na nani anaruhusiwa kuzibeba, ndo mfunge.