Kwa nini filamu za bomba zimebaki chache
Umeuliza kwa nini filamu za watu wazima za Ufilipino za mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilizojulikana kama bomba, ni adimu. Sheria ya kijeshi aliyoitangaza Rais Ferdinand Marcos mwaka 1972 ilizibana, lakini naona adui mkubwa zaidi ni joto na unyevunyevu wa Manila, kwa kuwa mkanda wa asetati, aina ya plastiki iliyotumika kutengeneza mikanda ya filamu, ukihifadhiwa vibaya husinyaa, hujikunja na kutoa harufu kali ya siki, na ukishafikia hapo ni vigumu mno kuuokoa. Mradi wa Sagip Pelikula wa kampuni ya utangazaji ya ABS-CBN umekarabati filamu nyingi za zamani, na hizi zilizodharauliwa nazo zinastahili uangalizi uleule, maana zimebeba sura, mavazi na mitaa ya zama zile.