Bahrain ina mafuta, mbona inakopa?

Mafuta inayo, ila si ya kutamba. Sehemu kubwa hutoka Abu Safah, eneo la baharini linaloendeshwa na Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudia. Bahrain hupewa nusu ya mapato. Yaani jirani yumo ndani ya bajeti tangu mwanzo.

Deni la serikali limeshapita pato la taifa la mwaka mzima. Kushusha thamani ya dinari, sarafu yake, ni hatari, kwani imefungwa kwa dola (dinari 0.376 kwa dola 1) na chakula kingi huagizwa nje. Mwaka 2018 wawekezaji walipoingiwa na hofu, Saudia, Imarati na Kuwait ziliahidi dola bilioni 10, kwa sharti la kubana matumizi. Ndipo ikaja kodi ya ongezeko la thamani: asilimia 5 mwaka 2019, asilimia 10 mwaka 2022.

Kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni siasa. Ukoo unaotawala, wa Al Khalifa, ni Wasunni, raia wengi ni Washia. Maandamano ya 2011 yalizimwa vikosi vya Saudia vikivuka daraja linalounganisha nchi hizo mbili kuja kuisaidia serikali, na chama kikuu cha upinzani, Al Wefaq, kikavunjwa 2016. Sasa ruzuku ikipunguzwa, bungeni hakuna upinzani wa maana wa kujadiliana nao.